Neno moja la siri kwa wote ni mtego kwa tovuti za makanisa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA sharika na parokia nyingi za mijini, sadaka ya Jumapili haihesabiwi na mtu mmoja. Wahesabuji huketi wawili au zaidi, kiasi huandikwa, saini hutiwa, kisha fedha hupelekwa benki. Hata hundi ya kanisa haipiti kwa saini ya mtu mmoja.

Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ni dalili ya kutoaminiana. Wahesabuji wenyewe ndio wa kwanza kuutetea, kwa kuwa siku hesabu ikipungua, ndio unaowakinga dhidi ya tuhuma.

Cha kushangaza ni kwamba kanisa hilo hilo linapofungua tovuti, busara hiyo huachwa nje ya mlango. Mara nyingi kazi hukabidhiwa kijana mmoja anayejua kompyuta. Inapomzidi, huwapa neno lake la siri wenzake wa kwaya, wa idara ya wanawake na wa shule ya Jumapili. Kuanzia hapo watu watano au sita huingia kwa jina lake.

Wote hao wanajitolea, na wengi wao ni watu wema. Lakini wema wao si hoja ya kutosha.

Tuchukue mfano. Katika tovuti ya usharika kuna ukurasa unaoonyesha namba ya simu ya kutolea sadaka na michango ya ujenzi. Usiku mmoja tarakimu moja inabadilishwa. Wiki mbili zinapita kabla mhasibu hajatambua kuwa michango imepungua. Kumbukumbu za tovuti zinapofunguliwa, zinaonyesha jina moja tu, la yule kijana wa kwanza.

Hapo ndipo ubaya wa neno la siri la pamoja unapodhihirika. Aliyetenda kosa anajificha nyuma ya jina la mwenzake, na wasio na hatia wanakosa namna ya kujitetea. Wazee wa kanisa hubaki na njia mbili, kumshuku mmoja bila ushahidi au kuwashuku wote. Usharika unaweza kugawanyika kwa jambo hilo kuliko kwa fedha zenyewe.

Wapo wanaodai kuwa dawa ni kumwachia kazi mtu mmoja tu, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inasahau hali halisi ya kazi za kujitolea. Kijana huyo atakwenda chuo, atahamishwa kikazi au ataoa na kuhamia mji mwingine. Akiondoka na funguo zote, kanisa hubaki na tovuti inayotangaza ibada za Pasaka ya mwaka juzi.

Tatizo, basi, si wingi wa watu. Tatizo ni ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote.

Wataalamu wa kompyuta walilitafakari jambo hili zamani. Mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha makala iliyoweka kanuni kwamba kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaohitajika kwa kazi yake, na usizidi hapo. Nusu karne baadaye, kanuni hiyo ingali msingi wa usalama wa mitandao.

Ngazi za wahariri

Habari njema ni kwamba nyenzo za kuitekeleza kanuni hiyo zipo tayari, tena bila malipo. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo leo inatumika katika zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, huwagawa watumiaji katika ngazi.

Ngazi ya juu ni ya msimamizi mkuu, anayeweza kufanya lolote, hata kuifuta tovuti nzima. Anayemfuata ni mhariri, mwenye uwezo wa kurekebisha na kuchapisha kazi za watu wote. Chini yake yuko mwandishi, ambaye huchapisha habari zake mwenyewe tu. Kisha yuko mchangiaji, anayeandika lakini hawezi kuchapisha mpaka mhariri aipitie kazi yake.

Kwa usharika wa kawaida, mpango unaofaa si mgumu kuubuni. Katibu wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili na mjumbe wa idara ya vijana wawe wachangiaji. Wahariri wawe wawili, ili msiba ukitokea Jumamosi usiku na mmoja akiwa safarini, tangazo lisikwame. Wasimamizi wakuu nao wawe wawili tu, mmoja wao akiwa ni mtu aliyeteuliwa na baraza la wazee.

Kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri. Kwa njia hiyo programu huhifadhi matoleo ya awali ya kila ukurasa, pamoja na jina la aliyeubadilisha. Kosa likitokea, ukurasa wa jana hurejeshwa kwa dakika chache, na aliyekosea huelekezwa bila kelele.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wengi hukigundua wakiwa katikati ya safari. Kwa kawaida, mchangiaji hawezi kupandisha picha, na habari ya kwaya bila picha ya kwaya haimfurahishi mtu. Hapo ndipo wasimamizi wengi huchoka na kumpa kila mtu cheo cha juu.

Hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mchangiaji aliyekwisha kuonyesha umakini anaweza kupandishwa kuwa mwandishi. Ngazi hiyo inamruhusu kuweka picha na kuchapisha habari zake, lakini haimruhusu kugusa kurasa za kudumu. Namba ya kutolea sadaka ikiwekwa katika ukurasa wa kudumu, inakuwa mbali na mikono ya wengi.

Milango mingine

Hata hivyo, ngazi pekee hazitoshi. Mwezi Aprili mwaka 2019, parokia ya Mtakatifu Ambrose katika mji wa Brunswick, jimbo la Ohio nchini Marekani, iligundua kuwa dola milioni 1.75 ilizodhani imemlipa mkandarasi wa ukarabati wa kanisa zimeishia kwa matapeli. Uchunguzi ulionyesha kuwa wadukuzi waliingia katika barua pepe za watumishi wawili na kuwaaminisha kwamba mkandarasi amebadilisha akaunti yake ya benki.

Kilichoingiliwa huko kilikuwa barua pepe, si tovuti. Lakini vitu hivyo viwili ni nyumba zenye ukuta mmoja, kwa kuwa mwenye kuishika barua pepe ya msimamizi anaweza kuomba neno jipya la siri na kuingia katika tovuti kama mwenyeji. Ndiyo maana wasimamizi na wahariri wanapaswa kutumia uthibitisho wa hatua mbili, ambapo neno la siri halitoshi bila tarakimu zinazotolewa na simu ya mhusika.

Aidha, programu yenyewe lazima isasishwe. Mapema mwaka 2017, kasoro katika matoleo mawili ya WordPress iliwawezesha wadukuzi kuharibu kurasa zaidi ya milioni moja, ilhali marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Januari 26 mwaka huo. Kazi hii isiachwe kuwa ya wote, kwa sababu kazi ya wote huishia kuwa si ya yeyote. Itajwe ni ya nani, na huyo huyo ahifadhi nakala rudufu mahali pengine, nje ya tovuti.

Anwani ya tovuti nayo isajiliwe kwa jina la kanisa na kwa barua pepe ya ofisi. Ada yake hulipwa kila kipindi. Ikipita bila kulipwa, mtu mwingine anaweza kuichukua na kuitumia apendavyo, hata kwa matangazo ya kamari.

Si fedha tu

Kwa Tanzania, jambo hili sasa lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya, za imani ya dini na za watoto kuwa ni taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada.

Tovuti ya kanisa hubeba zote tatu. Orodha ya wagonjwa wa kuombewa hutaja maradhi. Picha za kipaimara huonyesha nyuso za watoto, pengine na majina yao. Mtu anayejitolea anaweza kuyachapisha hayo kwa nia njema kabisa, bila kujua kwamba mgonjwa hakuwaambia hata majirani. Jicho la pili la mhariri kabla ya kuchapisha ndilo linaloweza kuizuia fedheha hiyo.

Ni kweli kwamba utaratibu huu utawakera baadhi ya watu. Aliyetumikia miaka mitano kwa moyo na kwa bando lake mwenyewe anaweza kuuliza, "Kwani sasa hamniamini?" Swali hilo lina jibu, nalo wahesabuji wa sadaka wamekuwa wakilitoa kila Jumapili: anaaminiwa, ndiyo maana anakingwa.

Baraza la wazee linaweza kuanza na swali moja dogo katika kikao chake kijacho, kwamba ni watu wangapi wanaolijua neno la siri la tovuti yetu, na wangapi kati yao bado ni washarika hapa. Pale ambapo jibu halipatikani kikaoni, neno hilo libadilishwe siku hiyo hiyo, na kila anayetumika apewe ufunguo wake.