Kete za Bao Zioshwe na Wanaozicheza



Leo tunaomba nafasi tuseme jambo ambalo wengine wataliona dogo. Limeleta maneno hapa barazani kwetu Buyenzi, Bujumbura, na tukilitazama kwa haki tunaona kosa ni letu sisi wanaume tunaokaa kucheza.

Mzee wa baraza yetu ana kete 64 za komwe alizoachiwa na baba yake, ambaye alizileta kutoka pwani. Mwaka 2020, siku za korona, kila mtu alikuwa anaosha kila kitu. Mkwe wake akazikusanya zile kete, akazimwagia maji ya moto na javeli (ndugu zetu wa Tanzania huita jiki), akaziacha mpaka asubuhi. Kulipokucha, kete 11 zilikuwa zimevimba na ganda limepasuka. Nyingine zimepauka. Mzee hakusema neno, lakini wiki nzima hakutoka kukaa nasi, na lawama zote zikamwangukia yule mama.

Tujiulize, jamani, nani alimfundisha? Sisi tunakula sambusa na karanga za kukaanga, tunafuta vidole kwenye suruali, halafu tunashika kete. Mwezi wa Ramadhani tunacheza baada ya tarawehe mpaka usiku mkubwa. Tukimaliza tunainuka, kete zinabaki ubaoni, na mtoto anayetambaa anakuja kuzitia mdomoni. Mama yule aliona uchafu, na uchafu ulikuwepo kweli. Katika bao tuna neno takasa, yaani zamu ya kucheza bila kula. Kutakasa kete zenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukukumbuka.

Sasa tueleze kwa nini zilipasuka, maana wengi hudhani komwe ni jiwe. Komwe ni mbegu. Inatoka kwenye mkomwe, mti wa miiba unaotambaa karibu na bahari, na maganda yake nayo yana miiba. Mwenyezi Mungu ameipa gamba gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana huelea baharini muda mrefu, ikatupwa ufuo wa mbali na kuota huko. Kete unayoichezea inaweza kuwa bado ina uhai ndani. Wakulima wakitaka mbegu ngumu za namna hii ziote, huzikwaruza gamba au huzitia maji ya moto, kisha huziloweka. Basi anayesugua kete kwa mchanga au msasa, halafu akaziloweka, anaziandaa kuota bila kujua! Na kete kuukuu, zilizokwisha kukwaruzika kwa miaka mingi ya kugongana, ndizo zinazoingiza maji kwanza.

Kwa hiyo zisichemshwe, zisilowekwe, zisitiwe javeli. Chukua kitambaa laini, maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya kawaida, ukakamue kitambaa vizuri, ufute kete moja moja. Futa tena kwa kitambaa cha maji matupu, kisha kausha papo hapo, uzitandaze kivulini na siyo juani. Ikiwa mikono ya wachezaji ni safi, kitambaa kikavu kila baada ya mchezo kinatosha, na kazi ya maji itakuwa mara chache tu. Kuna wanaopaka mafuta ya nazi ili zing'ae. Sisi hatupendi. Mafuta yanashika vumbi, na komwe inayoshikwa kila siku inang'aa yenyewe.

Ubao nao usisahauliwe. Vumbi linalokaa ndani ya yale mashimo 32 ndilo linalokwaruza kete, kwa hiyo lipigwe brashi kavu. Kete zilale kwenye mfuko wa kitambaa, kwani mfuko wa plastiki unafungia unyevu na ukungu. Na zihesabiwe kabla ya kufunga mfuko. Ikipungua moja, itafutwe usiku ule ule chini ya mkeka, kwa sababu komwe moja inatosha kumkaba mtoto mdogo.

Wapo wanaosema tuache komwe, tununue golori za kioo zinazooshwa hata kwa maji ya moto. Hatuwakatazi. Ila golori inadunda, inaruka nje ya shimo, na mkononi haina ule uzito wa komwe ambao mchezaji hodari anauhesabu bila kutazama. Jambo tunalolikataa kabisa ni kujazia kete zilizopotea kwa mbegu yoyote inayookotwa. Mbegu za mbarika na zile nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi, zina sumu kali. Mtoto akizitafuna ni hatari ya maisha. Heri kijiwe.

Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, nao pia huchezea kete 64 kwenye mashimo 32. Bila shaka kwao pia yuko mama anayelaumiwa kwa kuosha kitu ambacho wachezaji hawakukiosha.

Sisi hapa tumekubaliana hivi: anayefungwa mchezo wa mwisho ndiye anayefuta kete, na sahani ya sambusa inakaa mbali na ubao. Yule mama tulimwendea, tukamwomba radhi. Mzee amerudi barazani. Anacheza na komwe 53 na vijiwe 11, na kila akishika kijiwe anakitazama kidogo kabla ya kukitia shimoni. Huku ziwani mkomwe hatuuoni, basi mwenye safari ya pwani atuletee komwe 11 za kijivu, zisizo na ufa, zinazolingana ukubwa. Nauli ya mzigo tutachangia.