Yaya wa leo: mkataba wa mpagazi au ukimya wa kijakazi?

OKTOBA 2025 Serikali ilitangaza agizo jipya la kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi, na agizo hilo likaanza kutumika Januari 1, 2026. Wastani wa kima hicho ulipanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322 kwa mwezi. Ni habari njema, lakini wastani una tabia ya kuwaficha walio mkiani.

Katika maagizo mawili yaliyotangulia, la mwaka 2013 na la mwaka 2022, walio mkiani walikuwa wafanyakazi wa majumbani. Ndani ya kundi hilo yumo yaya, ambaye mjini huitwa dada wa kazi. Ndiye anayebaki na mtoto mama anapokwenda ofisini, sokoni au shuleni kufundisha.

Suala la yaya bora na ujira unaomstahili huzungumzwa zaidi vibarazani kuliko katika vikao rasmi. Mwajiri hulalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawakai. Msichana naye hulalamika kwamba aliahidiwa kimoja akakuta kingine. Pande zote mbili zina hoja, na historia ya Tabora inasaidia kuonyesha kasoro ilipo.

Njia moja, urithi wa aina mbili

Katika karne ya 19 Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zikapanda bara.

Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Walikuwa wakienda pwani kwa hiari yao hata kabla wafanyabiashara wa Kiarabu hawajajenga makazi Tabora, na upagazi kwao ulikuwa kazi yenye heshima na kanuni zake. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, mara nyingi kwa hesabu ya nguo kama merikani. Uzito wa mzigo ulijulikana, wastani wa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Posho ilikuwa haki ya kila siku, nayo ilipimwa kwa kibaba cha nafaka au kwa nguo ya kununulia chakula njiani.

Mwenye msafara aliyevunja masharti hayo alijua matokeo yake. Posho ikikatwa au mzigo ukizidi, wapagazi waligoma kuondoka kambini au waliutua mzigo na kutoweka. Msimu wa kilimo ulipofika, wengi walirudi mashambani kwao, na mwenye haraka alilazimika kusubiri au kuongeza dau.

Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa. Katika nyumba za matajiri wa Tabora na za pwani, kazi za jikoni, za uani na za kulea watoto zilifanywa kwa sehemu kubwa na vijakazi. Hawa hawakupatana na mtu yeyote. Walikula walichopewa, wakalala walipoonyeshwa, na hawakuwa na saa ya kuanza wala ya kumaliza kazi. Utumwa ulifutwa rasmi kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 10 baada ya reli kufika Tabora.

Ikumbukwe pia kwamba upagazi wenyewe ulipogeuzwa kuwa wa kushurutishwa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, makumi ya maelfu ya wabeba mizigo katika Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mzigo ulikuwa uleule kichwani. Kilichoondoka ni mapatano.

Basi swali la kujiuliza ni hili: msichana anayetoka Sikonge, Urambo au Uyui kwenda kulea mtoto mjini Tabora, au anayepanda treni ya Reli ya Kati kuelekea Dar es Salaam, anarithi kazi ya mpagazi au ya kijakazi?

Hesabu ambayo haipigwi

Kwa mujibu wa agizo la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa alitakiwa kulipwa Sh250,000 kwa mwezi, na yule wa ofisa mwenye stahili ya kupewa mtumishi Sh200,000. Katika nyumba za kawaida, asiyeishi kwa mwajiri aliwekewa Sh120,000, na anayeishi humo Sh60,000. Agizo la mwaka 2013 lilikuwa na mpangilio huohuo: Sh80,000 kwa anayekwenda kulala kwake na Sh40,000 kwa anayelala kwa mwajiri.

Mantiki ya kugawa mara mbili ni kwamba chakula na malazi vina thamani. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inakumbuka sahani na godoro, lakini inasahau saa. Anayelala kwa mwajiri ndiye anayeamka kwanza na kulala mwisho, na ndiye anayeamshwa mtoto akilia usiku.

Tuchukue mfano wa kawaida. Dada anaanza kazi saa 11 alfajiri na kumaliza saa 3 usiku. Tukimtolea saa mbili za kupumzika, amefanya kazi saa 14. Kwa siku sita, hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku, na inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata akilipwa ziada.

Mshahara wa Sh60,000 kwa saa za kisheria ulikuwa sawa na takriban Sh308 kwa saa. Kwa saa 84 za wiki ulishuka hadi takriban Sh165. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya kazi ilifanywa bure.

Sheria hiyo inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Mwajiri ambaye angezilipa zote kwa kiwango hicho angeongeza kama Sh23,000, na mshahara ungefika takriban Sh83,000. Hicho si kiwango cha ukarimu. Ni kiwango cha sheria baada ya saa kuhesabiwa.

Nchini Kenya, agizo la mishahara la Novemba 2024 lilimtaja yaya wa watoto katika kundi la vibarua wa kawaida, na katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa lilimwekea kima cha Sh16,113.75 za huko kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ni takriban Sh300,000 za Tanzania. Gharama za maisha zinatofautiana na si kila mwajiri wa Kenya anatii, lakini kule kazi ya yaya imewekwa kwenye mizani moja na kazi nyingine.

Yaya bora ni nani?

Hoja ya waajiri nayo isipuuzwe. Anayekabidhi mtoto wa miezi mitatu kwa mtu aliyekutana naye wiki iliyopita ana haki ya kudai uwezo na uaminifu.

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Ipo basi miezi mitatu na ushei ambayo mama yuko kazini na ushauri huo unamtegemea yaya: anawe mikono, ahifadhi vizuri maziwa yaliyokamuliwa, asimpe mtoto uji kwa sababu tu analia. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi, lakini haki hiyo inamsaidia tu ambaye nyumba yake iko karibu au ambaye yaya anaweza kumletea mtoto.

Yaya bora hutambua dalili za hatari. Anajua kwamba homa ya mtoto mdogo haisubiri jioni, na kwamba mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na kupelekwa kituo cha afya. Haachi jiko la mkaa chini mtoto anapotambaa, haachi ndoo ya maji wala kisima wazi, na hamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye mama hakumtaja. Zaidi ya hayo huongea na mtoto, humwimbia na kucheza naye. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na ulinzi.

Ujuzi huo una bei, na hauwezi kudaiwa kwa mtu ambaye pia anafua, anapika, anapiga deki na kuuza barafu za mama mwenye nyumba. Vilevile hauwezi kudaiwa kwa mtoto mwenzake. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu isiyozuia shule, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Binti wa miaka 15 anayelala na kichanga na kukibembeleza usiku yuko nje ya sheria, hata kama wazazi wake wameridhia.

Hapa ndipo ujira unapokutana na usalama wa mtoto. Nyumba inayobadilisha dada kila baada ya miezi michache humlazimisha mtoto kuanza upya kila mara na mtu asiyemjua, na kila mgeni huja bila kujua kwamba mtoto huyo ana pumu au hulia akiona giza. Anayelipwa vizuri na kwa wakati ana sababu ya kubaki.

Nini kifanyike

Wapo watakaouliza mwajiri mwenyewe atoe wapi. Ni swali la haki. Mtumishi wa umma wa kiwango cha chini, ambaye kuanzia Julai 2025 kima chake kilipandishwa hadi Sh500,000, akimlipa yaya Sh120,000 ametoa karibu robo ya mshahara. Mama ntilie wa sokoni hana hata uhakika huo.

Jibu haliwezi kuwa kumpunja aliye chini zaidi. Familia mbili au tatu za jirani zinaweza kuchangia yaya mmoja mwenye ujuzi. Anayehitaji msaada wa nusu siku apatane malipo ya nusu siku, badala ya kumweka msichana ndani usiku na mchana. Halmashauri nazo zinaweza kutenga maeneo ya vituo vya kulelea watoto karibu na masoko na stendi, ambako akina mama wengi wanafanya kazi.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haihitaji fedha. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: idadi na umri wa watoto, kazi zilizomo na zisizokuwamo, saa ya kuanza na kumaliza, siku ya mapumziko ya saa 24, mshahara na tarehe ya kuulipa, nauli italipwa na nani, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Usiku uandikwe peke yake na ulipwe peke yake. Kikombe kikivunjika, sheria hairuhusu mshahara wote kuzuiwa: makato ya hasara yanahitaji maelezo na ridhaa ya maandishi, tena yasizidi robo ya mshahara.

Ofisi ya Serikali ya Mtaa inaweza kutunza nakala ya karatasi hiyo inapomwandikisha mkazi mpya, kwa kuwa ofisa kazi si rahisi kukagua kila nyumba. Mgogoro ukitokea, Chama cha CHODAWU kinawahudumia wafanyakazi wa majumbani, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili yao kama ilivyo kwa wa viwandani. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Dada asiyeambiwa hivyo hupoteza haki yake akiwa stendi anatafuta nauli ya kurudi kwao.

Wapagazi wa Unyanyembe, ambao wengi wao hawakujua kusoma, hawakuinua mzigo kabla ya kupatana ujira, uzito na posho. Mzazi wa leo, anayejua kusoma na kuandika, anaweza kulifanya hilo jioni moja, mezani kwake, kabla ya kumkabidhi yaya mtoto.