Deni la msomi wa sheria lipimwe kwa mizani ya haki

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tumeukumbuka msemo huo kwa sababu ya swali linalowasumbua wazazi wa Gatumba, wale warejeao jioni kutoka ziwani, kwenye mashamba ya mpunga na katika biashara za mpakani. Kijana aliyemaliza sekondari akitaka kusomea sheria, na hasa sheria ya makosa ya jinai, je, mshahara atakaoupata kesho utalimudu deni analoliingia leo?

Swali hilo ni la haki, wala halifai kubezwa. Mwaka 2017 Serikali ya Burundi iliugeuza ufadhili wa wanafunzi wa elimu ya juu kuwa mkopo wa kurudishwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi waliupinga mpango huo, na baadhi yao wakagoma. Hata hivyo, Burundi haikuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na bodi ya mikopo tangu mwaka 1995, Tanzania ilitunga sheria ya bodi yake mwaka 2004, na Uganda ikafuata mwaka 2014. Hoja ya serikali hizo zote ni moja, kwamba fedha iliyomsomesha kaka irudi ili imsomeshe mdogo wake. Sisi tunaikubali hoja hiyo. Dawa ya deni ni kulipa.

Lakini kulipa kunataka kipato. Hebu na tupige hesabu ya mfano tu. Mwanafunzi akikopa faranga 50,000 kwa mwezi, miezi kumi kila mwaka, kwa miaka mitatu, atatoka chuoni na deni la faranga 1,500,000. Akipata kazi ya mshahara wa faranga 300,000 na kukatwa asilimia 8, yaani faranga 24,000 kila mwezi, atamaliza deni baada ya miaka mitano na ushei, iwapo mkopo hauna riba. Akikatwa asilimia 15, yaani faranga 45,000, atamaliza kabla ya miaka mitatu kutimia, lakini atabaki na faranga 255,000 za kodi ya nyumba, chakula na wazee wanaomtazamia. Na asiyepata kazi hana cha kukatwa, wala deni halimwondokei.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaona hayo. Mwaka 2016 makato ya wadaiwa walioajiriwa yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Wafanyakazi wakanung'unika, hasa kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya mtu alipe na deni lisipungue. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Funzo tunalolipata ni kwamba masharti ya mkopo yaweza kumwelemea msomi kuliko mkopo wenyewe.

Msomi wa sheria ana shida yake ya pekee. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa hakimu wala wakili. Hakimu na mwendesha mashtaka hungoja kuteuliwa na Serikali, na nafasi ni chache. Atakaye uwakili hupitia kwanza kipindi cha mazoezi chini ya wakili mzoefu, na wateja huja polepole. Wakati huo wote bei hazimsubiri. Mwaka 2023 bei za vitu nchini Burundi zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, na mwezi Mei mwaka huo faranga ikashushwa thamani. Mshahara uliokuwa ukitosha mwanzo wa mwaka haukutosha mwisho wake.

Basi, je, tuwaambie vijana wetu waikimbie fani hii? La, hasha! Gatumba ni mahali pa mwisho penye haki ya kusema hivyo. Hapa ndipo, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 walipouawa kambini mwao. Hapa ndipo watu kwa makumi walipouawa katika baa tarehe 18 Septemba 2011. Yatimapo mambo kama hayo, nchi huhitaji wapelelezi wanaojua kulinda ushahidi, waendesha mashtaka wasiobahatisha, mawakili na mahakimu walioiva. Watu hao hawaokotwi njiani, husomeshwa.

Tena tuangalie magereza. Gereza la Mpimba, mjini Bujumbura, lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 800, na kwa miaka mingi limefungia maelfu. Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliwaka katika gereza la Gitega, lililokuwa limefurika vivyo hivyo, na wafungwa wasiopungua 38 wakafa. Wengi katika magereza yetu ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Kila jalada linalokaa kabatini ni mtu anayekaa gerezani. Kijana anayelisukuma jalada hilo analipa taifa kitu kisichoandikwa katika daftari la mikopo.

Kwa hiyo, sisi tunashauri mambo matatu. Kwanza, marejesho yaanze pale mdaiwa anapopata mshahara, na yaende kwa kadiri ya mshahara huo. Pili, msomi anayekubali kutumika kwa miaka kadhaa katika mahakama za vijijini, au kuwatetea mahabusu maskini, asamehewe sehemu ya deni lake. Hiyo nayo ni njia ya kulipa. Tatu, kabla kijana hajatia sahihi, yeye na mzazi wake waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, jumla ya deni, muda wa kulipa na mishahara ya kazi anazozitarajia.

Na ninyi wazazi, msiwapeleke watoto katika sheria kwa sababu ya joho na heshima yake. Ulizeni hesabu mapema. Wengi wenu mafuriko ya Rusizi tangu mwaka 2020 yamewanyang'anya nyumba na mashamba. Hamna cha kuuza ili kufidia kosa la mahesabu.

Ni matumaini yetu kwamba wahusika watalitazama jambo hili kwa makini. Taifa linalomtaka kijana awatendee wengine haki halina budi kuanza kwa kumtendea haki yeye mwenyewe.