Miaka 35 ya ghala la taifa

Bunge lilipopitisha Sheria ya Usalama wa Chakula mwaka 1991, njaa ya 1973 hadi 1975 ilikuwa bado haijasahaulika, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilikuwa hoi. Biashara ya nafaka ilishaachiwa wafanyabiashara. Serikali ikabaki na kazi ambayo mfanyabiashara hana faida nayo: kuweka mahindi ya siku mbaya na kuomba yasihitajike. Kazi hiyo ilianza kama kitengo wizarani, na tangu Julai 2008 iko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Miaka 35 si jubilei ya fedha wala ya dhahabu, lakini hatuoni sababu ya kungoja ya 50 ndipo tutoe pongezi.

Na pongezi za kwanza tunampa mtu mwenye bambo. Ndiye anayekutana na mkulima kituoni, analichoma gunia, anapokea punje kiganjani, anazitazama kama zimetobolewa au zimeota ukungu, kisha anazitia kwenye kipima unyevu. Zikizidi asilimia 13.5, mzigo haupokelewi. Mwenye mali akaanike tena. Hapendwi mtu huyu, hasa na aliyekodi lori kutoka kijiji cha mbali. Lakini mahindi mabichi yakishaingia ghalani hupata joto, joto huleta ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Akiba iliyooza ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu taifa zima limeitegemea.

Kwa miaka mingi hifadhi yetu ilikuwa ya magunia tu: yapangwe juu ya chaga, yafunikwe, yafukizwe dawa, yafunuliwe, na vita na dumuzi ianze upya. Mdudu huyo aliingia nchini kutoka Amerika, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajaondoka. Nafasi nayo ilikuwa ndogo, tani 251,000. Mavuno yakiwa mazuri kule Nyanda za Juu Kusini, magunia yalilala nje chini ya maturubai huku mvua za msimu zikikaribia. Ajabu ni kwamba mwaka wa neema ndio uliowatoa jasho watunza ghala.

Ndipo ukaja mkopo wa Poland wa dola milioni 55, na vihenge vya chuma na maghala mapya vikajengwa Makambako, Mbozi, Songea, Sumbawanga, Mpanda, Shinyanga, Babati na Dodoma. Lengo lilikuwa kufikisha uwezo wa tani 501,000. Uzuri wa kihenge hauonekani ukikitazama barabarani. Uko ndani: nafaka inasafishwa na kukaushwa kabla ya kupandishwa juu kwa mkanda wa ndoo, nyaya zilizoning'inia katikati ya mahindi zinapima joto, na panapoanza kuchemka feni zinapuliza, au mzigo unahamishiwa kihenge kingine. Hakuna gunia la kufunua. Na mwaka 2024, Zambia ilipokaushwa na ukame, NFRA ilitia saini kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Nchi iliyowahi kupanga foleni ya unga ikawa inaulizwa bei na jirani.

Hata hivyo, mambo mawili yamebaki. La kwanza, kihenge hakina miguu. Makambako na Mbozi zimebahatika kuwa na reli ya TAZARA. Sumbawanga na Songea, katika mikoa ya Rukwa na Ruvuma inayotulisha miaka yote, hazina reli hata moja, kwa hiyo kila tani inayotoka huko inatoka kwa lori, na gharama ya lori inaishia kwenye bei ya debe sokoni Shinyanga. Kujenga vihenge vingine huko bila kuzungumzia usafirishaji ni kufanya kazi nusu.

La pili ni dogo na halihitaji mkopo wa nje. Tunautaka Wakala upeleke vikaushio na mashine za kuchekecha za kutosha kwenye vituo vya ununuzi vya vijijini, msimu huu. Mkulima anayelala siku tatu juu ya magunia yake akingoja zamu ya chekecheke hatalala ya nne. Atamuuzia mchuuzi aliyesimama ng'ambo ya barabara na mzani wake wa kuning'iniza, kwa bei ya mchuuzi.