Kugeuza Lenzi Si Kubahatisha

Wapiga picha wengi nchini, wa harusi na wa magazeti, wana kauli moja kuhusu picha za wadudu: kama huna lenzi ya makro, usijisumbue. Lenzi hiyo mpya mara nyingi bei yake inaipita bei ya kamera yenyewe, kwa hiyo maana ya kauli hiyo ni kwamba mguu wa mbu au kichwa cha kiwavi ni vitu vya kupigwa picha na wageni na watu wa maabara. Ukitaja kuichomoa lenzi ya kawaida, kuigeuza na kuifunga mbele ikiwa nyuma, unaambiwa huo ni ujanja wa asiye na fedha, picha zake ni za kubahatisha na kamera itaharibika. Ninaipinga kauli hiyo. Inakosea kuhusu namna lenzi inavyofanya kazi, na katika Bonde la Kilombero, ambako mdudu wa milimita tano anaweza kumtoa mkulima shambani katikati ya palizi, inatunyima macho tunayoyahitaji.

Tuanze na lenzi yenyewe. Lenzi ya milimita 50, ile iliyouzwa pamoja na kamera nyingi za filamu, iliundwa kwa kazi yenye pande mbili zisizolingana. Mbele yake kuna kitu kilicho mbali, mita mbili, mita kumi, hata mlima. Nyuma yake, sentimita nne au tano tu, kuna filamu au kihisi cha kamera. Vioo vyake vyote vimechongwa na kupangwa kwa hesabu hiyo: mbele mbali, nyuma karibu. Sasa mlete mbu, na utake aonekane kwenye kihisi akiwa mkubwa kuliko alivyo. Hapo hesabu inapinduka, maana mbu anakuwa karibu na lenzi kuliko kihisi. Lenzi iliyofungwa kwa kawaida na kusogezwa mbele kwa mirija mitupu inayowekwa kati yake na kamera italazimika kufanya kazi kinyume na ilivyoundwa, na kingo za picha zitaanza kulegea. Ukiigeuza, upande uliozoea kutazama karibu unatazama karibu, na upande uliozoea mbali unatazama kihisi ambacho sasa ndicho kilicho mbali. Kwa picha inayozidi ukubwa halisi wa kitu, anayegeuza lenzi ndiye anayeitumia sawasawa.

Watengenezaji walilijua hilo zamani. Nikon iliuza pete yake yenyewe ya kugeuzia lenzi, BR-2, kipande cha chuma kisicho na kioo hata kimoja. Pete za namna hiyo bado zinatengenezwa, na ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika upigaji picha. Upande mmoja unaingia kwenye kamera, mwingine unafungwa kwenye nyuzi za mbele za lenzi, zile za kufungia filta. Kinachotakiwa ni kusoma kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi, milimita 49, 52 au 58, ili usinunue pete isiyoingia.

Ukubwa unaopatikana si wa kudharau. Lenzi nyingi za makro huishia kwenye ukubwa halisi, yaani milimita moja ya mdudu inachukua milimita moja ya kihisi. Lenzi ya milimita 50 iliyogeuzwa inafika hapo au karibu na hapo. Ya milimita 28 inapita mara mbili. Ile ya milimita 18 hadi 55, inayokuja na kamera nyingi za dijitali na ambayo wapiga picha huisema vibaya, ukiigeuza na kuiweka kwenye 18 inazidi mara tatu. Tena kuna jambo linalowashangaza hata wazoefu: nafasi kati ya lenzi iliyogeuzwa na mdudu haipungui sana unapotumia lenzi fupi zaidi. Inabaki sentimita nne hivi au zaidi kidogo, kwa sababu inafuata ule umbali ambao lenzi iliundwa kukaa mbele ya filamu. Nafasi hiyo inatosha kupitisha mwanga na kuacha kidole kisimguse mdudu.

Wanaobeza njia hii hutaja taabu zake, na taabu zipo. Sehemu inayoonekana kali ni nyembamba mno. Kwenye ukubwa halisi, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/8, haifiki milimita moja. Kwenye mara mbili inashuka hadi kama robo ya milimita, kiasi kwamba jicho la mbu likiwa kali, bawa lake limeshapotea. Mwanga nao unapungua, na kwenye ukubwa halisi kihisi kinapata kama robo ya kile ambacho kingepata kwenye picha ya kawaida. Lakini mwenye lenzi ya makro ya mamilioni anakutana na wembamba uleule na giza lilelile, kwa sababu vyote viwili vinatokana na ukubwa wa picha. Fedha haziviondoi. Dawa ni zilezile kwa wote wawili: flashi iliyofunikwa karatasi nyeupe, kamera iliyotulizwa juu ya meza, na picha kadhaa zilizopigwa huku mdudu akisogezwa kidogo kidogo, kisha zikaunganishwa kwa programu ya bure.

Kinachopotea kweli ni urahisi. Kamera haiongei tena na lenzi, kwa hiyo hakuna kutafuta ukali kwa kubonyeza. Unasogea mbele na nyuma mpaka mdudu akae sawa. Lenzi za zamani zenye pete ya kufungulia na kufungia tundu ndizo bora kwa kazi hii, na ndizo zinazolala kwenye makabati ya studio zilizoachana na filamu. Kuhusu kuharibika, hofu imezidishwa. Pete inaziba mdomo wa kamera kama lenzi yoyote inavyouziba. Kioo kilichobaki wazi ni cha nyuma ya lenzi, na Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, kiangazi kikishika, vumbi la barabarani na pumba za mashine za kukoboa mpunga havina huruma. Kifuniko cha nyuma cha lenzi kilichokatwa tundu katikati kinatosha kuwa ngao. Zaidi ya hapo, usining'inize lenzi nzito, na badilisha lenzi ndani ya nyumba.

Kwa nini nayasema haya nikiitazama Ifakara? Kwa sababu sijui mji mwingine wa ukubwa wake katika nchi hii ambako wadudu wamechunguzwa kwa muda mrefu hivyo. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel, mtafiti wa papasi na homa wanayoeneza, alifungua hapo maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Kutokana na maabara hiyo tuna leo Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo kazi zake juu ya mbu zinasomwa duniani kote. Katika kijiji cha Kining'ina taasisi hiyo ina mabanda makubwa ya nyavu ambamo mbu wanaishi katika mazingira yanayofanana na ya kijijini. Ujuzi huo wote umetoka katika majaruba, vibanda na mito ya bonde hili. Mwanafunzi wa sekondari wa Lupiro au Minepa anapaswa kumwona mbu wa kwao kwa ukaribu ambao mtafiti anamwona nao, na asisubiri mchoro wa kitabuni.

Ukaribu huo una kazi. Mbu jike wa Anopheles, kundi linaloeneza malaria, ana vipapasio viwili vilivyolala kando ya mrija wa kunyonyea, vyenye urefu unaokaribia wa mrija wenyewe. Mbu wa Culex, yule anayepiga kelele sikioni usiku, jike lake lina vipapasio vifupi sana. Mrija huo una kama milimita mbili. Kwenye kamera ya kawaida ya dijitali yenye pikseli milioni 24, lenzi ya milimita 28 iliyogeuzwa inaupa mrija huo pikseli kama elfu moja. Tofauti inaonekana bila ubishi. Mbu wa Aedes aegypti, anayeeneza dengi, hujulikana kwa mistari myeupe miguuni na alama mgongoni inayofanana na kinubi. Hata viluwiluwi vinasema: vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, vya Culex huning'inia vichwa chini kwa mrija wa kupumulia. Sahani nyeupe, maji ya dimbwi na lenzi iliyogeuzwa vinatosha kwa somo zima la baiolojia.

Na aina ya mbu si udadisi wa wasomi. Utafiti wa Bonde la Kilombero uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Anopheles gambiae halisi, aliyekuwa mwenezaji mkubwa, alikuwa ametoweka katika sampuli, huku Anopheles funestus na Anopheles arabiensis wakichukua nafasi yake. Kazi zilizofuata zimeonyesha kuwa funestus, hata pale alipo mchache, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Yeye hupenda maji yanayodumu, vijito na mashimo yenye majani, tofauti na arabiensis anayefurahia madimbwi ya mvua na majaruba. Kijiji kinachofukia vidimbwi bila kujua kina mbu gani kinaweza kufanya kazi nyingi mahali pasipo penyewe.

Shambani hoja ni hiyohiyo. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, mkulima wa mahindi alihitaji kuvitambua mapema: alama ya Y iliyopinduliwa kwenye paji la kichwa, na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kiwavi akiwa mdogo, alama hizo hazionekani kwa macho matupu. Kwenye mpunga kuna kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya njano yenye mabaka, na miongoni mwa wanaouhamisha ni mbawakawa wadogo wa majani. Picha kali ya mbawakawa huyo inaweza kutoka shambani Mang'ula na kufika kwa mtaalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Ifakara, kabla ya jioni.

Kuna watakaosema siku hizi simu inatosha. Simu nyingi za bei nafuu zimeuzwa zikiwa na kamera ya makro ya pikseli milioni mbili, na hiyo kwa mbu haitoshi. Lakini kugeuza lenzi kunafaa hata kwenye simu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi lenzi ndogo iliyotolewa kwenye simu nyingine, ikageuzwa na kuwekwa mbele ya lenzi ya simu, inavyoonyesha vitu vya mikroni tano hivi. Fundi simu yeyote wa Ifakara ana simu zilizokufa, na lenzi zake bado ziko ndani.

Mpaka wa njia za bei nafuu tunaujua vizuri, na tunaujua kutoka Pemba. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Isaac Bogoch walichapisha matokeo ya kutumia simu iliyobandikwa kigololi cha kioo cha milimita tatu kwa utepe wenye gundi pande mbili, wakakagua slaidi 199 za vinyesi vya watoto wa kisiwa hicho kutafuta mayai ya minyoo. Kwa minyoo mikubwa ya tumbo, simu iligundua kama wanne kati ya watano wenye maambukizi. Kwa safura ilikosa wengi mno. Naheshimu matokeo hayo kwa sababu yanaonyesha wazi kifaa rahisi kinafaa wapi na kinashindwa wapi. Mbu, kiwavi na mbawakawa ni wakubwa mno kuliko yai la minyoo, na lenzi nzima ya kamera inazidi kigololi kwa mbali.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo nzito: wataalamu wapo, raia mwenye kamera ataleta makosa. Watafiti wa Ifakara wenyewe wameijibu kwa vitendo. Mwaka 2016 walichapisha kazi ambamo wanavijiji wa bonde hili waliulizwa ni wapi mbu wanaouma nje ya nyumba ni wengi, kisha mitego ikawekwa kupima, na kwa jumla ujuzi wa wanavijiji ukakubaliana na mitego. Madagascar, picha ya kiluwiluwi iliyopigwa mwaka 2020 kwa simu yenye lenzi ya kubandika ilikuja kuchunguzwa na watafiti wa Florida, nao wakaona inaelekea kuwa Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayestawi mijini katika matangi ya maji. Kenya ilitangaza kumpata mbu huyo mwaka 2023, upande wa Marsabit. Akielekea kusini, kijana wa Ifakara mwenye lenzi iliyogeuzwa anaweza kuwa wa kwanza kumtilia shaka.

Kumtilia shaka, maana hukumu ina mahali pake. Miguu yenye madoadoa inaelekeza kwenye kundi la gambiae, miguu ya giza kwenye kundi la funestus, lakini gambiae na arabiensis hawatofautishwi kwa picha, iwe ya lenzi ya makro au ya lenzi iliyogeuzwa. Hapo kinahitajika kipimo cha vinasaba. Kwa hiyo baada ya kupiga picha, mbu asitupwe. Awekwe kwenye kichupa kikavu chenye pamba, na pembeni iandikwe tarehe, kijiji, na kama alikamatwa ndani ya nyumba au nje. Maabara ikimhitaji, mguu wake mmoja unatosha kwa kipimo hicho.