Matusi si hotuba, vijana tujipange!

Jamani, tuambizane ukweli. Kigogo anapanda jukwaani na makaratasi aliyoandikiwa na msaidizi wake, anasoma mpaka watu wanasinzia. Tunamcheka. Je, sisi? Kijana wetu ananyakua kipaza sauti, anaporomosha matusi nusu saa nzima, watu wanapiga miluzi, kisha wanakwenda zao bila kujua tunataka nini. Miluzi si kura!

Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipowaeleza wazee wa Dar es Salaam habari ya kumpiga Idi Amin, alitaja mambo matatu tu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hata waliozaliwa baada ya vita wanayakariri.

Basi tujiandae. Chagua jambo moja, liwe maji au nauli. Leta ushahidi: bei, tarehe, mtaa. Fanya mazoezi nyumbani ukitazama saa, maana mkutano wa kampeni mwisho wake saa 12 jioni, na polisi hawana subira. Maliza kwa kuwaambia watu wafanye nini.

Anayepanda jukwaani mikono mitupu anawapigia kampeni wale wale tunaotaka kuwang'oa!