Msitugeuzie Redio ya Bure Kuwa ya Bando

Muhula huu kuna hoja imeanza kupata mashabiki kwenye vikao vya serikali ya wanafunzi: redio yetu ya chuo iachane na FM, irushe matangazo mtandaoni tu. Wanaoitetea wanasema mtambo unakula umeme, masafa yanalipiwa, na halafu eti "nani siku hizi anasikiliza redio?" Dunia imehamia dijitali, Norway walishazima FM, sisi tunasubiri nini?

Mimi naipinga, na naanzia hukohuko Norway, maana naona inatajwa sana na watu ambao hawajaisoma.

Ni kweli Norway ilikuwa nchi ya kwanza kuzima FM ya stesheni za kitaifa. Ilianza tarehe 11 Januari 2017 kule Nordland, ikaenda mkoa kwa mkoa hadi Desemba mwaka huohuo. Lakini jamani, hawakuhamia mtandaoni. Walihamia DAB, mfumo wa redio ya dijitali unaorushwa hewani kutoka minarani kama FM, ila masafa mamoja yanabeba stesheni nyingi kwa mpigo. Msikilizaji wa DAB halipi hata senti ya bando. Anachotakiwa kuwa nacho ni redio mpya. Serikali yao ilipiga hesabu ikaona kurusha chaneli moja ya kitaifa kwa FM kunagharimu mara nane ya DAB, na mahali FM ilipokuwa na nafasi ya chaneli 5 za kitaifa, DAB ilibeba zaidi ya 20. Hesabu nzuri, kwa anayerusha. Anayesikiliza alikuwa na yake: kura ya maoni ya mwishoni mwa 2016 ilionyesha asilimia 66 wanapinga na 17 tu wanaunga mkono, na magari kama milioni 2 hayakuwa na redio ya kupokea DAB. Hiyo ni nchi tajiri yenye watu milioni 5 na ushee. Na tena, redio nyingi ndogo za maeneo ziliruhusiwa kubaki FM. Redio ndogo, kama yetu. Hicho kipande sijasikia mtu akikitaja kikaoni.

Uswisi nao, shirika lao la utangazaji la umma, SRG, lilizima FM tarehe 31 Desemba 2024. Sehemu ya wasikilizaji haikulifuata dijitali. Walibaki palepale FM, wakahamia stesheni nyingine.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Somo hili tulishafundishwa na televisheni. Mkataba wa Geneva wa 2006, chini ya ITU, uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuyalinda matangazo ya televisheni ya analojia, na Tanzania tukawahi: Dar es Salaam mitambo ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Nilikuwa na miaka tisa. TV yetu ya chogo pale Mbagala ilibaki chenga tupu, na mpaka baba alipopata hela ya king'amuzi tulikuwa tunatazama kwa jirani, wengine tukiwa tumesimama dirishani. Sisemi televisheni ya dijitali ni mbaya. Picha ni safi na chaneli ni nyingi. Nasema gharama ya kuhama ilitua kwenye meza ya anayetazama, na aliyekuwa na kidogo ndiye aliyekaa gizani muda mrefu zaidi. Tarehe ile ya 2015 haikuigusa FM. Kwa hiyo anayesema tunalazimika kuhama, atuambie analazimishwa na nani.

Sasa tuje kwenye bando. Matangazo ya mtandaoni yakirushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha chini kinachosikika vizuri, yanakula karibu MB 29 kwa saa. Ukipandisha hadi 128 ili muziki usikike vizuri, ni karibu MB 58. Kwa mwenye boom lililoingia juzi hiyo si kitu. Lakini mimi na wenzangu wa elimu tunaandaa kipindi cha masomo cha Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya kidato cha pili. Meseji zinazoingia studio ni SMS za kawaida. Nyingi zinatoka kwenye vitochi, simu ya mama au ya kaka, unaona kabisa mtoto ameazima: anaandika swali la Fizikia, anamaliza na "jina langu ni fulani, simu ni ya mama msinipigie". Kitochi kile kina FM ndani. Unachomeka hedifoni, waya wake unakuwa antena, unasikiliza hadi betri iishe. Hakiulizi una salio au huna. Ukihamishia kipindi kile mtandaoni, huyo mtoto hujamwambia ahame. Umemfungia mlango.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo linapitwa haraka. Mtambo wa FM ukishawashwa, wakisikiliza watu kumi au elfu kumi umeme ni uleule. Mtandaoni kila anayejiunga anaongeza mzigo: analipa yeye, na sisi tunaongezewa gharama za seva. Kwa hiyo kadiri kipindi kinavyopendwa ndivyo bili inavyopanda. Kwa redio ya kufundishia huo ni mpango wa ajabu.

Darasani kwetu kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 tulipewa nusu kipindi, kama historia tu. Ingestahili zaidi. Kupitia redio na vikundi vya kusikiliza, watu takriban milioni 2 walijifunza kuhusu malaria, vyoo na maji safi, redio moja ikitosha kikundi kizima kilichokaa chini ya mti. Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2020 Kenya ilipofunga shule kwa ajili ya korona, KICD ilirusha masomo kwenye redio za KBC, maana si kila nyumba ina simu janja.

Nakubali FM ina shida zake. Kwenye mabonde inakwaruza, na masafa Dar yamebanana. Nakubali pia kwamba wahitimu wetu walio mbali wangependa kutusikia, na mtandao ndio njia yao. Basi turushe kote kuwili. Sauti ni ileile, inatoka studio ileile.

Wanaouliza nani anasikiliza redio nawashauri watoke getini saa tano asubuhi. Mama ntilie ana redio juu ya kabati la vyombo. Fundi cherehani anayo. Kijiwe cha bodaboda wanayo, na wanabishana na mtangazaji kama vile anawasikia. Tunaoishi hosteli na kutegemea Wi-Fi ya maktaba ndio tusioisikiliza, na ndio tunaotaka kuipigia kura.

Kuhusu gharama, mweka hazina alete karatasi kabla ya kikao kijacho: umeme wa mtambo ni shilingi ngapi kwa mwezi, masafa ni ngapi kwa mwaka, na seva ya kuhudumia watu mia tano kwa wakati mmoja ni ngapi. Mpaka sasa hatujaonyeshwa hata moja.